Jina Lililoitikiwa na Wawili

Nyumbani kwetu Kitengela, ukisimama mlangoni ukaita jina la mke wangu, sauti mbili ziliitika. Moja ilitoka jikoni, nzito kidogo, ya mtu aliyeudhika kwamba anasumbuliwa tena. Ya pili ilitoka popote alipokuwa mjukuu wetu: nyuma ya tangi la maji, juu ya rundo la mawe yangu, au kwa jirani ambako alikuwa amekatazwa kwenda. "Eee!" na "Eee!" Kisha mke wangu aliuliza, "Mkubwa ama mdogo?" Nami kwa ukaidi tu nilikuwa nikijibu, "Yeyote aliye na chai."

Sitaliandika jina hilo hapa. Atakayesoma mpaka mwisho ataelewa sababu, na atakayechoka njiani hatapungukiwa na kitu.

Mimi ni Mkamba, fundi wa kuchonga mawe, na yeye alikuwa Mmaasai wa upande wa Kajiado, mtoto wa watu wa ng'ombe. Nilimwona mara ya kwanza kwari, yaani kule machimboni, siku ambazo Kitengela ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga na pundamilia wakila nyasi mahali ambapo leo kuna ghorofa. Alikuwa akituletea maziwa ya saa nne. Maziwa yake yalinuka moshi, kwa sababu kibuyu chake alikifukiza kwa kijinga cha mti wa oloirien, kama mama yake alivyomfundisha. Vijana wa kwari walilalamika kwamba wanakunywa jivu. Aliwaambia wakanywe maji ya shimo basi, akaanza kufunga kibuyu. Nilinunua kikombe, nikanunua kingine. Hayo maziwa sikuyapenda siku ile hata kidogo.

Nilimuuliza jina, akakataa kunipa. Alisema mtu hampi jina lake mwizi wa ng'ombe. Wamaasai na Wakamba wana utani huo tangu zamani, kila upande ukidai ndio ulioibiwa. Baba yake alipopokea mahari alisema kwamba hatimaye Wakamba wameanza kurudisha mifugo, ingawa wanarudisha kidogo kidogo. Watu walicheka, nami nikacheka kwa sauti kuliko wote kwa sababu nilikuwa nimeshapewa jina.

Labda ndiyo maana nililishikilia sana. Wanaume wa rika langu huwaita wake zao kwa majina ya watoto, Mama Fulani, Mama Nani. Mimi nilimwita jina lake, mbele ya watu na nyuma ya watu, na majirani walishangaa mpaka wakazoea. Mama mmoja Msomali mwenye duka la vitambaa, mteja wake mkubwa wa maziwa, alimwambia kwamba mume anayelitaja jina hivyo ama ana mapenzi ama ana kiu. Mke wangu alimjibu kwamba hiyo ni kiu tu.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa hatua, na tukienda sokoni alinitangulia bila hata kugeuka kuona kama bado ninafuata. Hakupenda kuaga. Mgeni akisimama kuondoka, yeye tayari alikuwa ameingia jikoni. Na kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, alitoka nje kutazama upande wa kusini kuona kama mvua imenyesha kwao. Kisha wakatujengea ghorofa la vyumba vya kupangisha mbele ya ukuta wetu, likamziba. Nilidhani ataizoea hali hiyo. Siku ya tatu nilimkosa nyumbani, nikamkuta juu ya paa la lile ghorofa, katikati ya nguo zilizoanikwa, amesimama na mlinzi wa jengo akimwonyesha mawingu. Tangu hapo mlinzi alipata maziwa yake kila siku, na mke wangu akapata kusini yake.

Mwanetu alipooa akapata binti, hakukuwa na mjadala kwa upande wangu. Kwetu, binti wa kwanza wa mwanao huitwa kwa jina la mama wa huyo mwanao. Ndivyo mtu anavyobaki katika ukoo. Mke wangu alimshika yule mtoto mchanga, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, maana kwao hiyo ndiyo baraka. Kisha akasema, "Sasa mimi nikifa mtafanya aje?"

"Hutakufa," nilimwambia.

"Haya," akasema, akamrudishia mama yake mtoto.

Sikuuliza alimaanisha nini. Nilifikiri ni maneno ya bibi mpya anayejiona amezeeka. Mwanangu na mkewe walifanya kazi Nairobi na kurudi wamechoka, kwa hiyo mtoto alilelewa nyuma ya sketi ya bibi yake. Alimwita Koko, kama Wamaasai wanavyowaita bibi zao, na alijifunza kutoka kwake Kimaasai ambacho mimi, baada ya maisha mazima ya ndoa, ninakijua cha kutosha kununua mbuzi tu. Mimi nilimwita "mke mdogo", utani wa mababu wote, na Koko wake alimwita "mke mwenza" na kumtuma aniletee viatu. Nyumba ilikuwa na kelele. Nililalamika juu ya hizo kelele kila siku ya Mungu.

Saratani ilianzia tumboni. Sitaisimulia hospitali, kwa sababu kila mtu anayo ya kwake. Nitasema tu kwamba yule mtu wa hatua nyepesi alianza kunifuata nyuma sokoni, kisha akaacha kwenda sokoni. Mara ya kwanza nilipogeuka na kumwona amesimama nyuma yangu ameegemeza mkono wake kwenye ukuta wa bucha, nilikasirika. Nilikasirikia bucha, barabara, lori la mawe lililotupigia honi. Nilirusha matusi kwa dereva mpaka akanionea aibu.

Wakati bado aliweza kukaa kwenye gari, alitaka apelekwe Kajiado kwa mama yake. Nilikataa. Barabara ya kuingia kwao ni ya mawe na mashimo, na kila shimo lingemuumiza. Aliniambia, "Wewe Mkamba, si nimekuambia nataka kwenda?" Mwanetu akatupeleka. Alimeza maumivu yake njia nzima akiangalia nje, na alipofika aliingia kwenye nyumba ya mama yake peke yake, akafunga mlango. Sisi tulikaa nje tukipewa chai. Nilijua kwamba amekwenda kuaga, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuaga, nilitazama kikombe changu tu. Alipotoka alionekana kama mtu aliyekamilisha shughuli. Tuliporudi nilimuuliza walizungumza nini. Akasema, "Mambo ya watoto."

Baada ya safari hiyo ndipo alipoanza kumwita mjukuu wetu kwa neno nisilolijua. Tulikuwa tumehamishia kitanda chake sebuleni ili aone geti. Mtoto akipita, Koko wake alimwita kwa hilo neno, fupi, laini, naye akaitika. Nilimsahihisha. "Hilo si jina lake," nilimwambia, tena nikamtajia jina lenyewe, jina lake mwenyewe. Alinitazama kwa upole, akaita tena vilevile. Nilimwambia mwanangu kwamba dawa za maumivu zimepanda kichwani. Nilimsifu mjukuu kwa kumvumilia Koko wake.  Mtoto alipanda kitandani, akainamisha kichwa, akatemewa mate yake ya baraka, na mara hii hakuyafuta.

Mke wangu alifariki asubuhi, mimi nikiwa nje nikimtazamia kusini kutoka juu ya paa la watu. Nilishuka kumwambia kwamba kuna wingu.

Tulimzika Kajiado, katika kipande cha ardhi alichopewa na baba yake, maana alitaka kulala mahali ambapo hakuna ghorofa. Mchungaji alikuwa na maikrofoni nzuri. Alilitaja jina lake kwenye sala, kwenye mahubiri, kwenye kushukuru kamati, na kila alipolitaja spika zililipeleka mpaka ng'ambo ya bonde. Mimi nililipenda kila mara. Nilikuwa nimechapisha jina hilo kwenye fulana za waombolezaji na kwenye kitambaa kilichofungwa mbele ya gari la maiti. Sikuona kwamba ndugu zake walikuwa wakitazama chini. Sikuona pia kwamba mama yake mkongwe alikuwa amejifunika shuka kichwani, na chini ya shuka mikono yake ilikuwa masikioni.

Aliyeona ni mjukuu wangu. Siku chache baadaye aliniuliza, "Babu, mbona watu wa Koko hawaniiti jina? Wananiita tu wee mtoto."

Nilimwambia wako na huzuni.

Kisha shemeji yangu akaja Kitengela. Ni ndugu mdogo wa mke wangu, mtu mzima mwenye mvi, mzee wa kanisa, na ndiye mtani wangu mkubwa kuliko wote. Siku ile hakuniita mwizi. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa cha dada yake, akaweka fimbo yake chini, akanywa chai yake yote. Nilijua kuna jambo.

"Shemeji," akasema, "nimetumwa na mama. Hii mtoto inatakiwa kupata jina ingine."

Nilimuuliza kama anatania.

"Kwetu mtu akishalala, jina yake inalala na yeye. Haiitwi. Ukiita unamsumbua, na unasumbua wale wamebaki. Siku ya mazishi mama alisikia ikiitwa na spika mpaka leo hajakula vizuri. Sasa akifikiria iko hapa, kila siku inaitwa kwa hii nyumba..."

"Wewe si mzee wa kanisa?"

"Kanisa niko nayo. Na mama pia niko naye."

Nilipandwa na hasira kamili. Nilimwambia kwamba kwetu ni kinyume: jina ndilo linalobaki, na mtoto huyu alipewa ili lisizikwe. Nilimwambia wameshamchukua wamemweka kwenye ardhi yao, na sasa wamefuata hata kilichobaki mdomoni mwangu. Nilimwonyesha jiwe la kaburi lililokuwa uani, nililolichonga mwenyewe, herufi zimeshaingia nusu. "Hili nalo nilivunje?"

"Jiwe andika," akasema. "Jiwe haiiti mtu."

Niliinuka nikaenda mlangoni na, Mungu anisamehe, nikaliita lile jina kwa sauti yote niliyo nayo.

"Eee!" akaitika mtoto kutoka nyuma ya tangi.

Nikasubiri. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya tangu tutoke kuzika, na sikuwa nimemwambia mtu: kila nilipoita, sauti moja iliitika, nami nilisimama nikingoja ile ya jikoni. Nilijua haiji. Nilingoja tu, kwa sababu kwa muda ule mfupi kati ya sauti ya kwanza na kimya, alikuwa bado yupo jikoni, ameudhika, anafuta mikono. Hicho ndicho walichotaka kuninyang'anya. Nilipogeuka, shemeji yangu alikuwa ameziba masikio na machozi yanamtoka. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kaburini.

Ni kwa sababu ya hayo machozi tu nilikubali twende kwa mama yake. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukataa.

Bibi yule haoni vizuri tena. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake kwenye kigoda, jua likimpiga miguuni. Nilimsalimia, "Takwenya," akanijibu, "Iko," kwa sauti ndogo. Mjukuu wangu akainamisha kichwa kama alivyofunzwa, naye akakigusa, akaacha mkono wake hapo. Shemeji alieleza sababu ya safari. Alisema mtoto ameletwa apewe jina, na kwamba baba wa nyumba, yaani mimi, ana neno la kusema kabla ya hapo.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga njiani tangu tulipopita Isinya. Lakini mtoto alitangulia.

"Mimi niko na jina," akasema. "Koko alinipatia."

"Gani?" nikauliza.

Akalitaja lile neno, fupi, laini, nililokuwa nikilisahihisha kitandani kwa mke wangu.

Mkono wa bibi ulisimama juu ya kichwa cha mtoto. Alimwambia alirudie. Mtoto akalirudia. Bibi akavuta shuka lake akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutetemeka, nasi hatukujua kama ni kilio ama kicheko. Shemeji alinitazama. "Mimi hiyo jina siijui," akasema.

Asingeweza kuijua, maana alikuwa hajazaliwa. Bibi alipoweza kusema alisema taratibu, na shemeji akanifasiria. Kwao mtoto mchanga huwa na jina la kumwitia tu, jina la mama na mtoto anyonyaye, mpaka siku anaponyolewa nywele na kupewa jina la watu. Hilo la kwanza huachwa, na kwa kawaida hukumbukwa na mama peke yake. Aliyeitwa kwa neno lile ndiye aliyekuwa binti yake kabla hajawa mtu wa kujulikana na yeyote. "Alikuja hapa akiwa mgonjwa," bibi akasema, "akaniuliza nilikuwa ninamwitaje alipokuwa wa kunyonya. Nikadhani ni mazungumzo ya mtu anayekwenda. Nikamwambia."

Shemeji akauliza kwa woga, na ninamheshimu kwa kuuliza, kama hilo nalo si jina la aliyelala.

Bibi alitoa shuka usoni. "Yule niliyemwita hivyo hakufa," akasema. "Alikua tu, akaliacha."

Nilimgeukia mjukuu wangu. "Mbona hukusema siku hizo zote?"

"Koko aliniambia nikae nalo mpaka watu wa kwao waulize. Alisema wewe utakuwa umekasirika sana, nikungoje umalize."

Shemeji alicheka, akacheka mpaka akashika fimbo yake. Mimi sikucheka. Nitasema wazi nilichohisi: nilimwonea wivu mke wangu mwenyewe. Nilidhani ninalijua jina lake kuliko mtu yeyote duniani, na kumbe alikuwa na lingine, la mbele zaidi, nami nikalisikia kwa masikio yangu nikaliita dawa. Alijua watu wake watadai nini. Alijua mimi nitapigana. Akabebwa kwenye yale mashimo yote, na maumivu yale, ili asiniache mimi bila jina lake wala wao bila amani. Na hakunieleza, kwa sababu kunieleza kungekuwa kuaga.

Bibi alimtemea mtoto mate ya baraka kwenye paji la uso, akamwita. Mtoto akaitika. Watu wa boma lile wakaanza kumwita kutoka kila upande, wanawake wakicheka, kila mmoja akijaribu, na siku ile bibi alikula kama mtu aliyerudi safari.

Jiwe nililimaliza, nikalipeleka. Limesimama pale na jina lake lote, zito, safi, herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchonga. Ndugu zake hupita na ng'ombe, hulitazama, hunyamaza. Nimejifunza kunyamaza nao.

Kumwita mtoto nyumbani ndiko kulikonishinda. Kwa muda nilimwita "wee", nikamwita "mke mdogo", ingawa utani huo haukuwa tena na mtu wa kuukamilisha. Nilikohoa ili ageuke. Mwanangu na mkewe walilizoea jina jipya mapema, na mlinzi wa ghorofa akalizoea, na mama Msomali aliyekuja kutupa pole akalizoea kabla hajamaliza chai. Mimi nililisema kimoyomoyo nikichonga, nikajaribu ulimi.

Juzi mchana wingu lilitokea kusini, jeusi kweli, na upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Nguo zilikuwa kwenye kamba. Nilikuwa jikoni, nimeshika kibuyu chake ambacho sasa ninakifukiza mimi, vibaya, kikitoa moshi mwingi kuliko inavyotakiwa. Nilitoka mlangoni nikafungua mdomo, na lililotoka lilikuwa lile fupi, laini.

"Eee!" akaitika, kutoka juu ya rundo la mawe.

Ilikuwa sauti moja, na kwa mara ya kwanza sikungoja ya pili. Nilikaa chini hapo mlangoni na kibuyu mikononi, nikamlilia mke wangu, huku mtoto akikimbia kuanua nguo.